Ua langu la porini limekauka lote, nifanyeje?

MamaJunior: Habari zenu wapendwa. Masika nilihamisha ua kutoka vichakani nyuma ya shamba letu Kibaha. Ni lile linalopanda, petali nyekundu zenye kingo za njano, zimepinda juu kama ndimi za moto. Sasa majani yote yamekauka. Limekufa?

Mkulima_Pwani: Halijafa. Hiyo ni Gloriosa superba. Inaota kuanzia vichaka vya mchanga huku pwani hadi misitu ya miombo bara. Kiangazi shina hufa, kiazi kinalala ardhini kusubiri mvua. Usimwagilie, kitaoza.

Binti_Newala: Umenikumbusha nyumbani! Kwetu linapanda vichaka vya pembeni mwa mashamba, ncha ya jani inajikunja kama kidole na kushika tawi. Bibi akituona tumelichuma, anatunawisha mikono mara mbili.

MzeeKaribu: Siku hizi hamuachi kitu porini. Zimbabwe ndilo ua lao la taifa, sisi tunang'oa. Ungechukua mbegu.

Mkulima_Pwani: Dada, kiazi kiko wapi sasa?

MamaJunior: Kipo tu.

Mkulima_Pwani: Kipo wapi? Watu hukidhania kiazi kikuu, na kina sumu kali.

MamaJunior: Kilikuwa na mikono miwili kama herufi V. Mmoja umo kwenye ndoo, mwingine nimeukatakata nikauanika. Mama mkwe anateswa na jongo, na nilisoma kwamba kolchisini, dawa ya jongo, imo humo humo. Sikukurupuka jamani. Vidonge hatuvimudu kila mwezi.

Mkulima_Pwani: Kidonge kimepimwa, kwa kawaida hakifiki hata miligramu moja ya kolchisini. Kwenye kiazi nani amekupimia?

Mshale: Uzi wa kutunga huu. Umeanza na ua kukauka, mara mama mkwe. Anayetaka ua lifufuke hakati kiazi chake.

MamaJunior: Situngi. Nilitaka kujua kama ule wa kwenye ndoo utaota, maana huu utaisha. Niliogopa mtanisema. Asubuhi amekunywa kikombe kimoja. Lakini yuko mzima, hapa anachambua mchicha.

Mkulima_Pwani: Dalili huchelewa saa kadhaa, kuwa mzima sasa si kitu. Mpeleke hospitali sasa hivi, usisubiri atapike. Beba na kipande cha kiazi wakione.

Binti_Newala: Dada, umeondoka?

MamaJunior: Bajaji imefika. Anagoma kupanda, anasema hajisikii vibaya.

Mkulima_Pwani: Mwambie ukweli wa ulichompa. Atapanda.