Nimelipia siti ya dirishani, mama yangu kakalishwa ukutani

Wakuu, naandika nina hasira na sizifichi. Shirika silitaji ila wakisoma watajijua.

Wiki iliyopita nimesafiri na mama, Dar kwenda Nairobi. Mama ana miaka 71, mzaliwa wa Rombo, hajawahi kupanda ndege, toka mtoto anakata majani ya ng'ombe huku Mawenzi, kile kilele cha Kilimanjaro, iko pale juu inamtazama, na alichoniomba ni kimoja tu, auone mlima kwa juu kabla hajafa. Basi nikajipanga. Kwa kawaida ukitoka Dar kwenda Nairobi mlima unakuwa kushoto, hivyo unachukua herufi A, kurudi unakuwa kulia, kwa hizi ndege za siti tatu tatu ni F. Nikachukua ndege ya asubuhi maana mawingu yanakuwa hayajapanda sana, halafu jua linakuwa upande wa pili halimpigi machoni. Nikaongeza elfu 40 juu ya tiketi ili nichague siti, 11A ya mama na 11B yangu, na kwenye ramani yao imeandikwa kabisa dirishani.

Tunafika safu ya 11, dirisha hakuna. Ukuta! Plastiki tupu toka begani mpaka kwenye makabati ya mizigo. Mama akawa anaupapasa kwa kiganja akidhani kuna mahali pa kuvuta, akaniuliza taratibu, "Baba, linafungukia wapi?"

Nikamwita mhudumu, anasema ndege imejaa na hiyo siti ndivyo ilivyo. Ni kweli ndivyo ilivyo, Boeing 737 nyingi upande wa kushoto karibu na bawa ukutani pamepita mfereji wa kupandisha hewa ya kiyoyozi toka tumboni mwa ndege mpaka darini, ndo maana dirisha halikuwekwa, kwa hiyo aliyeitengeneza sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na nyie mnaoirusha kila siku, mnajua kabisa 11A haina dirisha na bado mnaiuza kama ya dirishani, tena kwa nyongeza!

Rubani akatangaza mlima Kilimanjaro huo kushoto kwenu. Watu wa kulia wakasimama kuchungulia, jamaa wa 12A kashusha kipazia kalala, mama kainama mbele kuchungulia kwenye upenyo wa siti ya 10 akaambulia kipande cha bawa. Akarudi akaegemea, kashika mkoba wake mapajani, hakusema kitu mpaka tunatua.

Nimewaandikia, wananijibu eti hawatoi dhamana ya mandhari. Nani kaomba dhamana ya mandhari? Mawingu yangefunika mlima mpaka kileleni, mita zote 5,895, nisingefungua mdomo, hayo ya Mungu. Mimi nadai dirisha nililolipia. Kuweka alama kwenye ramani ya siti kwamba hii haina dirisha ni kazi ya dakika ngapi jamani?

Hela yangu naitaka, kama kuna aliyewahi kurudishiwa aseme alipitia wapi. Na mama anarudi Jumamosi asubuhi na ndege ya aina hiyohiyo, anayezijua vizuri aniambie upande wa F safu ipi iko mbele ya bawa na ina dirisha zima, maana nikikosea tena sijui nitamtazamaje.