Sheria ya Uchochezi ya 1798: kama ukweli ulikuwa utetezi, mbona walifungwa?

Mdadisi_wa_Katiba:
Wakuu, nasoma ugomvi wa vyama viwili vya Marekani ya zamani, Wafederali wa Rais John Adams na Warepublikani wa Thomas Jefferson. Sheria ya Uchochezi, iliyosainiwa tarehe 14 Julai 1798, ilifanya kuikashifu serikali kuwa kosa, lakini ilimruhusu mshtakiwa kuthibitisha kwamba alichoandika ni kweli, na juri (raia wanaoketi kuamua kesi) ndiyo iliyopewa uamuzi. Sheria ya kale ya Kiingereza haikuwa na huruma hiyo. Sasa mbona wahariri waliendelea kuingia jela? Na je, Jefferson alikuwa anatetea uhuru wa kila mtu?

Kalamu_Nyekundu:
Mkuu, utetezi huo ulikuwa mzuri kwenye karatasi tu. Adhabu ilifika faini ya dola 2,000 na kifungo cha miaka 2, na walioshtakiwa wengi walikuwa wametoa maoni. Maoni utayathibitisha vipi?

Mtazame Matthew Lyon, mbunge wa Vermont. Aliandika kwenye barua kwamba Adams ana kiu ya fahari ya kipuuzi na anapenda kusifiwa. Barua aliiandika kabla sheria haijapita, ikachapishwa baada ya hapo. Kortini alijitetea mwenyewe, akamgeukia jaji Paterson na kumuuliza: wewe hujala mezani kwa Rais ukaiona fahari yake? Paterson akajibu kwamba alikula huko mara chache, na alichokiona ni maisha ya kawaida. Ushahidi ukaishia hapo. Lyon akapigwa miezi 4 na faini ya dola 1,000. Wapiga kura wa Vermont wakamrudisha bungeni akiwa bado kifungoni.

Mzee_wa_Hoja:
Naongezea kesi ya James Callender, mwandishi aliyemshambulia Adams, Richmond, Virginia, 1800, maana ndiyo inayoonyesha hasa jinsi utetezi ulivyozibwa. Mawakili wake walimleta John Taylor, mwanasiasa wa Virginia, kama shahidi. Jaji Samuel Chase akataka maswali yaandikwe kwanza, kisha akamkataa shahidi kwa hoja hii: sentensi inayolalamikiwa ina sehemu mbili, na Taylor anaweza kuthibitisha moja tu. Yaani shahidi mmoja abebe shtaka lote la sentensi, la sivyo asisikilizwe! Callender akala miezi 9 na faini ya dola 200. Kumkataa Taylor kulikuwa miongoni mwa mashtaka Bunge la Wawakilishi lililomfungulia Chase mwaka 1804, ingawa Seneti ilimwachia mwaka 1805.

Halafu soma kifungu kinachotaja waliolindwa: serikali, Bunge na Rais. Makamu wa Rais hayumo. Makamu alikuwa nani? Jefferson. Sheria yenyewe iliwekewa mwisho tarehe 3 Machi 1801, siku ya mwisho ya muhula wa Adams. Atakayeniambia hiyo ni bahati tu, anieleze vizuri.

Kalamu_Nyekundu:
Na Lyon alilipiza. Uchaguzi wa urais wa 1800 ulipomwacha Jefferson sare na mgombea mwenza wake, Aaron Burr, kura 73 kwa 73, uamuzi ukaenda Bunge la Wawakilishi, kila jimbo kura moja. Vermont ilikuwa na wabunge wawili, Lyon na Mfederali mmoja, kwa hiyo kura yao ilikuwa ikigawanyika. Duru ya 36 ya kupiga kura, Februari 1801, yule Mfederali akajiondoa, na Lyon akampa Jefferson kura ya jimbo peke yake.

Mzee_wa_Hoja:
Kuhusu swali la pili: hapana, mkuu. Jefferson aliandika kwa siri maazimio ya Kentucky ya 1798, tamko la bunge la jimbo hilo la kuipinga sheria hii (lile la Virginia ni la mwenzake James Madison), na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba serikali ya shirikisho haikupewa mamlaka juu ya magazeti. Majimbo aliyaachia mamlaka hayo. Akiwa Rais, New York ilimshtaki mhariri wa Kifederali, Harry Croswell, kwa kumkashifu yeye Jefferson, na aliyesimama kumtetea mwaka 1804 ni Alexander Hamilton, kigogo wa Wafederali, akidai ukweli uliosemwa kwa nia njema usiwe kosa. Majaji waligawanyika 2 kwa 2, hivyo ombi la Croswell la kesi mpya halikupita wakati huo, lakini mwaka 1805 bunge la New York likaiweka hoja ya Hamilton kwenye sheria.