MJADALA: Michikichi ya wazee Kigoma ikatwe kupisha tenera, au ibaki?

Mkulima wa Simbo (mwanzisha mada)

Ndugu zangu wa Kigoma, na wengine wote mnaokula mawese popote mlipo, naomba hili tulijadili kwa hoja, bila kuvunjiana heshima.

Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipokuja mkoani kwetu na zao la chikichi likapewa msukumo mpya, mambo yamebadilika. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) cha Kihinga kinazalisha miche ya tenera, yaani mchikichi wa kisasa, Gereza la Kwitanga na JKT Bulombora nao wamepanda, na wakulima wengi tumepata miche. Mimi mwenyewe ninayo tenera shambani na inanipa moyo. Ubishi uliopo vijijini ni juu ya dura, ile michikichi ya zamani tuliyoachiwa na babu zetu. Wengi wanasema ikatwe yote ipishe mbegu ya kisasa. Mimi napinga, na nasema kwanza ichunguzwe mti kwa mti na watu wa chuo wanaojua kazi hiyo.

Kwa asiyejua tofauti: chukua chikichi mbivu, ikate katikati kwa kisu kikali. Kisu kikigoma kwenye ganda nene, na nyama ya juu ikawa nyembamba, hiyo ni dura. Ukikuta ganda jembamba lililozungukwa na vinyuzi vyeusi ndani ya nyama, hiyo ni tenera. Ganda la dura linaweza kufika milimita 8, la tenera kwa kawaida halizidi 4. Nyama ndiyo yenye mawese, kwa hiyo hapo hakuna ubishi: mikungu ikilingana uzito, tenera inakamulika mafuta mengi zaidi.

Lakini tenera inatoka wapi? Mwaka 1941, kituo cha Yangambi, hapo Kongo ng'ambo ya ziwa letu, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Pisifera haina ganda, na mara nyingi mikungu yake huoza kabla ya kuiva, kwa hiyo hutumika kama baba wa kutoa chavua. Mama ni dura. Hadi leo, kila mbegu halali ya tenera duniani imevunwa kwenye mkungu wa dura. Sasa ninyi mnaotaka kufyeka dura zote, mbegu ya kesho mama yake atakuwa nani? Tutaagiza mama kutoka nje?

Kuna jambo lingine linalonisumbua zaidi. Mchikichi unapenda mvua ya milimita 2,000 kwa mwaka, iliyotawanyika karibu miezi yote. Sisi tunapata kama nusu yake, na Juni hadi Septemba anga ni kavu kabisa. Mchikichi ukikosa maji haufi upesi. Huzidisha maua dume, na ua dume halizai mkungu. Jinsia ya ua huamuliwa miaka miwili hivi kabla halijafunguka, kwa hiyo kiangazi kikali cha mwaka huu utakuja kukilipia baadaye, wakati umeshakisahau. Dura za babu zetu zimepita kwenye kiangazi hicho kizazi baada ya kizazi bila mtu kuzimwagilia. Katika kila kijiji upo mti ambao watu wanaujua: mwaka mbaya wote wanalia, wenyewe unazaa. Huo mti una nini? Hakuna aliyetujibu, na ukishakatwa hatajibu mtu.

Wengine walishaiona thamani hiyo. Kampuni ya mbegu ya ASD ya Costa Rica ilitumia dura za Tanzania kama mama, ikazipandisha na baba wa ukoo wa Ekona kutoka Kamerun, wakapata mbegu inayovumilia baridi ya miinuko. Wao walifuata mti wetu toka ng'ambo ya bahari. Sisi tunatafuta shoka.

Tunacho Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, tangu 1984. Kipo Morogoro, ndiyo, lakini siku hizi kina Kampasi ya Mizengo Pinda hapo Katavi, jirani zetu. Naomba wanafunzi na walimu wake, pamoja na Kihinga, wapite vijijini, wapime, watie alama miti bora na kuiandika. Baada ya hapo tukate isiyo na faida. Nakaribisha hoja.

Kijana wa Mwandiga

Shikamoo mzee. Nimekusoma vizuri, na bado nasema ikatwe.

Mimi ni mkwezi. Nakwea na panga kiunoni, kamba imezunguka mti, na dura ya miaka mingi inafika mita 15, mingine zaidi. Kuna vijana wenzangu wameanguka, wengine hawatembei tena. Tenera ikianza kuzaa mwaka wa tatu unavuna umesimama chini. Hilo pekee kwangu linatosha.

Halafu ardhi. Baba ana ekari moja na nusu, dura zimeota ovyo, nyingine zimebanana, nyingine ziko mbalimbali. Tenera inapandwa kwa mita 9 pembetatu, miti kama 57 kwa ekari, na miaka ya mwanzo unachanganya maharage na mahindi katikati. Kivuli cha dura kikibaki hapo, mche unarefuka kutafuta jua na hauzai. Mzee unaposema "ibaki ichunguzwe", anayekaa na kivuli hicho ni mimi, mtafiti hayupo. Nchi hii sehemu kubwa ya mafuta ya kula inanunua nje, na sisi tuna ziwa, tuna udongo, tuna nguvu. Tutangoja utafiti hadi lini?

Mwenyeji wa Gungu

Mnabishana bure. Malaysia walikuja Kigoma baada ya uhuru wakachukua mbegu, leo wao ni matajiri wa mawese na sisi tunanunua kwao. Hao watafiti mnaowaita ndio mlango wa kuibiwa tena.

Mhitimu wa Magadu

Ndugu wa Gungu, hadithi hiyo nimeikuta karibu kila nilipokwenda, na inafaa isahihishwe kwa sababu inatupotosha tunapopanga. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia chimbuko lake ni miche minne iliyopandwa kwenye bustani ya Bogor, kisiwa cha Java, mwaka 1848. Shamba la kwanza la biashara Malaysia lilianza 1917. Hapo Tanganyika haijawa hata chini ya Waingereza rasmi, sembuse uhuru.

Hata hivyo usitupe hofu yako yote. Mwaka 1986 taasisi ya Malaysia ya utafiti wa mawese ilikuja Tanzania kukusanya mbegu za michikichi, kama walivyofanya Nigeria mwaka 1973, na Kamerun na Zaire mwaka 1984. Walikuwa tayari matajiri. Walikuja kwa sababu zao lote lililosimama juu ya miche minne lina ukoo mwembamba mno: ugonjwa mpya ukiingia, hakuna pa kukimbilia. Michikichi hiyo wameipanda kwao kama hazina na wanaitafiti. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kwa nini wao wanatunza shamba la michikichi ya Tanzania wakati sisi tunazungumzia kukata. Ieleweke pia kwamba hazina ya michikichi kwa kawaida hutunzwa ikiwa mti shambani. Huwezi kuweka gunia la mbegu kwenye jokofu ukalisahau miaka hamsini.

Ugonjwa ninaouwazia mimi ni mnyauko wa fusari. Unaishi kwenye udongo, unapanda ndani ya shina na kuziba njia za maji, majani yanakauka na kuvunjika. Kongo uliandikwa tangu mwaka 1946. Dawa ya kupulizia hakuna. Silaha ni mbegu inayouvumilia, na uvumilivu huo hutafutwa kwenye aina nyingi za miti. Ukiwa na aina moja tu shambani, umejifunga mwenyewe.

Jambo la mwisho, kwa wanaonunua miche. Msiokote mbegu chini ya tenera mkapanda. Ukipandisha tenera kwa tenera, robo ya watoto watakuwa dura, nusu tenera, na robo pisifera zisizokupa kitu. Kuna watu wanauza miche hiyo kandokando ya barabara kwa jina la "mbegu ya kisasa", na mkulima anakuja kugundua baada ya miaka mitatu au minne, siku anapokata chikichi ya kwanza. Mwaka 2013 kinasaba kinachoamua unene wa ganda kilitambuliwa, kwa hiyo kipande cha jani la mche wa kitaluni kinatosha kusema huu ni dura, tenera au pisifera. Kazi ya namna hiyo ndiyo ningependa chuo kiifanye kwa ajili ya Kigoma, hata kabla ya kazi anayoisema mzee wa Simbo.

Mama wa Ilagala

Naomba na sisi tunaokamua tusikike, maana naona wanaume wanaongea miti tu.

Mimi dura siichukii. Nyama yake ni kidogo, kweli, lakini ndani kuna mise, ile mbegu iliyomo ndani ya kokwa, na mise ni fedha ya mwanamke. Baba anauza mawese, mimi nagonga kokwa, nauza mise, maganda yanarudi jikoni kuwa kuni. Kwenye tenera sehemu ya mise inapungua. Kwa tajiri mwenye mashine hilo si neno. Kwangu ni ada ya mtoto. Hao watafiti wakija wapime na hilo, wasipime mawese peke yake.

Tena kuna jambo ambalo chuo kingetusaidia leo hii, bila kungoja mti ukue. Sisi mkungu tukiukata tunauacha siku kadhaa ulainike, ndipo chikichi zidondoke kirahisi. Tunachemsha kwenye pipa, tunaminya, tunachemsha tena kuengua mafuta. Mtaalamu mmoja aliwahi kutueleza kwamba siku zile za kungoja ndizo zinazoharibu: chikichi iliyochubuka huanza kujivunja mafuta yenyewe, asidi inapanda, mawese yanakuwa makali na mnunuzi wa kiwandani anayakataa. Tukasema sawa, je, tuikwanyue vipi ikiwa bado ngumu? Hapo hakukuwa na jibu. Nileteeni chombo cha kukwanyua kinachoendeshwa na mwanamke mmoja, nitapanda mbegu yoyote mnayotaka.

Mfanyabiashara, Kibirizi

Namuunga mkono mama. Pale bandarini mawese ya dura yaliyokamuliwa haraka yanauzika kuliko ya tenera yaliyolala. Mnabishania mti, mie naona kazi iko kwenye pipa.

Mwalimu wa Urambo

Huku Tabora kiangazi chetu ni kirefu kuliko chenu na hatuna ziwa la kutupoza, lakini kuna watu wameanza kuuliza miche ya chikichi. Kama ipo dura ya Kigoma inayozaa hata mwaka wa mvua haba, sisi ndio tutakaoihitaji kwanza. Tafadhali msiikate kabla hatujajua.

Kijana wa Mwandiga

Wote mnaongea vizuri, lakini hakuna aliyenijibu. Mti ukitiwa alama shambani kwa baba, nani analipa? Nafasi ya dura moja kubwa ningepanda tenera nikapata mikungu. Mnataka mkulima wa ekari moja na nusu atunze hazina ya taifa kwa njaa yake.

Mkulima wa Simbo (mwanzisha mada)

Mwanangu, hapo umenigusa, na nakujibu bila kuzunguka. Mkulima asitunze bure. Mti utakaochaguliwa ulipiwe kila mwaka, kwa mkataba ulioandikwa kijijini, mtendaji akiwepo, na mbegu yoyote itakayotokana nao jina la kijiji liandikwe kwenye kumbukumbu. Fedha zitoke kwenye bajeti ya utafiti, kama zinavyotoka za kununua mbolea ya shamba la majaribio, kwa sababu shamba lako litakuwa linafanya kazi ileile. Bila hilo na mimi sitakuzuia kushika shoka.

Wala sisemi ibaki yote. Mama wa Ilagala na mhitimu wamenisogeza: tupime mikungu, tupime nyama, tupime na mise. Anza mwenyewe, usingoje gari la chuo. Chagua miti ambayo mnajua haijawahi kuwanyima. Kila ukivuna, pima mkungu kwenye mizani ya sokoni, andika tarehe na kilo, hesabu na maua dume unayoyaona juu, maana wewe unafika kule ambako sisi wazee hatufiki tena. Fanya hivyo masika na kiangazi, miaka mitatu. Mtafiti atakayekuja akikuta daftari hilo ataanzia mbali.

Kijana wa Mwandiga

Miti mitano naiacha, ile ya bondeni karibu na mto, haina kivuli kwa miche. Daftari nitaanza mavuno yajayo. Huku juu mlimani nakata kabla mvua za Novemba hazijaanza, kwa sababu miche ninayo tayari kitaluni. Na huo mkataba mzee, nataka niuone kwa macho.