Tangi la samaki wa bahari: maji yamekuwa kama tui, samaki wanne wamekufa. Nitie dawa gani kabla ya Alhamisi?

KinyoziMtulivu (Jumatatu, baada ya tarawehe)

Assalam alaykum wanajamvi. Nisaidieni, usingizi sipati.

Nina saluni ndogo ya kunyoa, viti vitatu na benchi la wateja. Idd ndiyo msimu wetu, usiku wa mwezi 29 Ramadhani foleni inafika mpaka barazani kwa jirani. Nikaona niweke tangi la samaki mbele ya benchi, watoto watulie wakisubiri zamu. Kioo amenikatia fundi madirisha: urefu sentimita 60, upana 30, kina 35. Yaani kama lita 60.

Alhamisi mwezi 8 Ramadhani nikatia maji ya bahari, mchanga, mawe na pampu ya hewa. Ijumaa nikatia samaki watano, vitatange wawili na vidogo vitatu vya buluu ambavyo jina sivijui. Jumapili wakaanza kupumua juu juu, midomo nje. Kufika Jumatano wanne wamekwenda, na maji meupe kama tui la kwanza. Nimebadilisha nusu ya maji mara mbili. Yanasafika jioni, asubuhi tui tena. Aliyebaki nimemhamishia kwenye ndoo.

Swali langu ni moja tu: dawa gani ya kusafisha maji? Tafadhali msiniulize mengine.

MtotoWaDarajani

Tui unalo, samaki unao. Tafuta ndimu na pilipili, hiyo ni ya kupaka. Futari kesho kwako.

BabaRayyan

Wa alaykum salaam. Nami nina swali kabla ya dawa: samaki ana bahari nzima, wewe umemtia kwenye sanduku la kioo ili watoto wa watu wasipige kelele. Mwanamke aliyemfungia paka bila chakula khabari yake tunaisikia kila Ramadhani. Fikiri mwenyewe.

KinyoziMtulivu

Shekhe, chakula nawapa. Mara tatu kwa siku. Dagaa wa kusaga.

BintiWete

Mara TATU? Samaki watano wadogo?

Kaka, nimefanya kazi miaka mitatu mahali wanapototolesha samaki wa bahari, tui la namna hiyo nimeliona. Lakini dawa siwezi kukutajia bila kujua haya: maji ulichota wapi na saa ngapi? Mawe ni ya wapi? Yakipungua kwa joto hili la kaskazi unaongeza maji gani? Na hiyo Alhamisi kuna nini?

FundiMajokofu

Mambo ya matangi nayajua mimi. Mnakumbuka umeme ulipokatika Unguja nzima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010? Nilikuwa fundi kwenye hoteli moja ya pwani, mapokezi kuna tangi kubwa la bahari. Jenereta ikizimwa saa sita usiku kuokoa dizeli. Basi mie ndiye niliyekuwa nakaa na pampu ya baiskeli na mpira wa dripu, napiga hewa mpaka adhana ya alfajiri. Miezi mitatu! Bega hili la kulia mpaka leo halijakaa sawa. Alikufa mmoja tu, na huyo aliruka mwenyewe nje ya tangi.

Samahani, swali lilikuwa nini? Ah, dawa. Sijui dawa.

KinyoziMtulivu

BintiWete, ahsante dada. Maji ni safi, si ya pwani. Alhamisi ile saa nne asubuhi maji yamekupwa, nikatembea kwa miguu mpaka kwenye mwamba, nikachota huko huko. Mawe ni ya bahari tu, ya kawaida. Yakipungua naongeza maji ya bahari, kila siku kama lita moja, nina dumu nimeweka nyuma.

Alhamisi ni kwamba kuna kijana wa boti ataniletea samaki wengine, saba. Nimeshampa elfu thelathini ya mwanzo. Kwa hiyo naomba tuzungumzie dawa.

BintiWete

Ndiyo maana ulituambia tusikuulize mengine.

Anza na chumvi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo kwenye lita zako 60 mna kilo mbili na kidogo. Jua linachukua maji, chumvi inabaki yote. Ukijazia kwa maji ya bahari unaongeza chumvi juu ya chumvi, ni kama mtu anayejazia mchuzi uliokauka kwa maji ya chumvi. Wiki moja na nusu na yamekuwa makali. Kinachokauka kinajaziwa maji BARIDI, yaani yasiyo na chumvi. Ya mvua ni mazuri. Ya bomba yalaze kwanza kwenye ndoo wazi siku moja, klorini itoke. Kisima cha mjini usitumie, vingine vina chumvi tayari.

Halafu uchafu. Samaki anatoa amonia kwenye mashavu na kwenye kinyesi, na dagaa wako wanaooza chini wanatoa amonia. Baharini kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti, wengine wanaigeuza nitraiti kuwa nitreti ambayo haidhuru sana. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Wanachukua wiki nne mpaka sita kuenea. Wewe uliwapa siku moja.

Kwa hiyo Alhamisi hii samaki saba hawaingii humo. Mpigie kijana.

KinyoziMtulivu

Dada nakuheshimu, lakini wiki sita ni baada ya Idd. Tangi tupu mbele ya wateja lina maana gani? Na mawe si yana bakteria? Nimesoma kwamba mawe ya bahari yanakuja na bakteria wake, ndiyo maana nikayaweka mengi. Kilo kumi na mbili.

BintiWete

Jiwe lililotoka baharini likiwa bichi, lina vitundu vyake na viumbe vyake, ndiyo, linakuja na bakteria, na hapo muda unapungua. Ndiyo maana kwako sielewi. Kilo 12 za mawe mabichi kwenye lita 60 ni nyingi, na amonia peke yake haikupi tui linalorudi kila asubuhi kwa siku kumi.

MamaWaVitumbua

Kaka yangu aliweka tangi, mtu akamwambia atie jongoo bahari asafishe mchanga. Jongoo akafika, siku ya pili akatapika matumbo yake yote. Wallahi matumbo yote nje kama tambi. Samaki wakalala ubavu mmoja mmoja. Wenyewe wanasema baadhi ya majongoo wana sumu yao wakiudhiwa. Hujatia jongoo wewe?

KinyoziMtulivu

Sijatia jongoo.

Siki_na_Ndimu

Tia siki nusu kikombe. Mimi natia kwenye birika la chai lenye magaga, linatakata.

BintiWete

Asitie siki! Bakteria wengine wataila siki hiyo kama karamu, maji yatazidi weupe, hewa majini itakwisha, na huyo mmoja wa ndoo atakufa kwa kukosa pumzi.

MzeeWaKojani

Vijana, mimi huwa nasoma tu, siandiki. Lakini kuna jambo limenikwama kooni toka futari.

Huyu bwana kasema Alhamisi mwezi 8, saa nne asubuhi, maji yamekupwa, akaenda kwa miguu mpaka mwambani. Mimi nimekwenda baharini miaka arobaini na mbili, Kojani mpaka dago la Tanga. Mwezi 8 ni maji mafu. Bahari haijai vizuri wala haitoki vizuri. Na saa nne asubuhi ya mwezi 8 maji yanajaa, hayapwi. Ya kukupwa saa nne ni ya bamvua, maji makubwa, mwezi mosi au mwezi 15. Sasa bwana huyu alitembea juu ya maji, au?

MtotoWaDarajani

😂😂😂 Mzee kampima kwa kalenda ya mwezi mtukufu.

Mdadisi_77

Nilijua toka mwanzo. Uzi wa kutunga huu. Picha hakuna, jina la samaki hajui, bahari inakupwa anapotaka yeye. Ngojeni, kesho atatokea mtu mwenye akaunti mpya kuuza "dawa ya kusafisha tangi" na namba ya simu. Nimeshaiona sinema hii, mara ya mwisho ilikuwa dawa ya kunguru.

BabaRayyan

Na mfungo huu. Mtu anafunga chakula, ulimi anauacha wazi.

FundiMajokofu

Jamani labda alikosea siku tu. Mimi wakati wa ule umeme nilikuwa hata Ijumaa siijui.

Mdadisi_77

Fundi wewe na pampu yako ya baiskeli pia nina mashaka nayo.

MamaWaVitumbua

Mbona kanyamaza?

KinyoziMtulivu (Jumanne, saa saba usiku)

Nipo. Nilikuwa nafagia.

Tangi lipo, picha sitii kwa sababu saluni itajulikana, na sasa hivi sitaki ijulikane. Mzee, shikamoo. Umesema kweli. Sikwenda mwambani. Maji nilichota asubuhi ile kwenye ngazi za pwani yakiwa yamejaa, ndoo tatu, nikarudi kufungua duka.

Mawe nilipewa na fundi mwashi. Kuna nyumba ya zamani mtaani inakarabatiwa, ukuta wametoa mawe, yamelundikwa nje. Nilichagua yenye vitundu vizuri. Sikusema kwa sababu wateja nimeshawaambia nimeyatoa mwambani mwenyewe, na wengine wamo humu jamvini.

Lakini sioni tofauti. Nyumba zetu si zimejengwa kwa matumbawe? Jiwe limetoka baharini, limerudi baharini. Niliyasugua kwa brashi.

BintiWete

Ukuta ulijengwa na nini kati ya mawe?

KinyoziMtulivu

Chokaa.

BintiWete

Mpya au ya zamani?

KinyoziMtulivu

Walianza kuujenga upya mwezi uliopita kisha wakaubomoa tena, haukunyooka. Kwa hiyo ndiyo, mbichi mbichi. Kwenye vitundu ilikuwa imebaki kidogo.

FundiMajokofu

Lahaula.

BintiWete

Basi tui lako nimelijua. Kuna tanuu zima la chokaa ndani ya tangi hilo. Chokaa mbichi ikikutana na maji ya bahari inapandisha pH yake, yaani inayafanya ya alkali zaidi, na madini yaliyokuwa yameyeyuka majini yanaganda kuwa unga mweupe. Unabadilisha maji, yanatulia, usiku mawe yanatoa chokaa nyingine, asubuhi tui. Ungebadilisha mpaka Mfunguo Nne.

Na kibaya zaidi: bahari inakaa kwenye pH ya 8.1 hivi. Ikipanda kuelekea 9, amonia ile ile kidogo inageuka sumu kali mara nyingi zaidi. Kwa hiyo walikufa kwa vyote viwili pamoja, dagaa wako na ukuta wako. Mawe ya namna hiyo hayana bakteria hata mmoja wa kukusaidia. Yamekaa nchi kavu labda miaka mia.

Kama unabisha, nenda hoteli yoyote yenye bwawa la kuogelea, muombe kijana wa bwawa akupimie. Wana kile kichupa cha matone.

MzeeWaKojani

Marhaba mwanangu. Sasa umesema.

Mdadisi_77

Naondoa maneno yangu kwa kinyozi. Kwa fundi bado.

KinyoziMtulivu (Jumanne, saa kumi jioni)

Nimepima. Kijana wa bwawa amecheka, rangi imekwenda waridi ya kuiva mpaka zambarau, amesema kiboksi chake hakifiki huko.

Lakini naomba kuuliza. Nikitoa mawe yote leo, nikamwaga maji, nikaosha mchanga, nikatia maji mapya kesho, hao saba si wanaweza kuingia Alhamisi? Kijana wa boti amesema ile elfu thelathini hairudi. Na nitakuwa nawalisha mara moja tu.

BintiWete

Hapana. Maji yatang'aa kwa usafi na amonia itawaua vile vile, taratibu zaidi. Tena vitatange wengi wanakula matumbawe hai yenyewe. Dagaa hawatawashibisha hata ukiwapa kwa kijiko cha fedha.

Huyo wa ndoo mwekee pampu, badilisha nusu ya maji yake kila siku kwa maji ya bahari ya mkondo mzuri, mlishe kidogo sana.

BabaRayyan

Au mrudishe alikotoka.

MamaWaVitumbua

Mwambie kijana wa boti akuletee samaki wa kula wa elfu thelathini. Changu wawili wazuri, Alhamisi hiyo hiyo. Hela haijapotea.

KinyoziMtulivu

Mama, hilo sikuliwaza. Nimempigia. Amekubali, ila changu mmoja na vibua.

Mawe nimeyarudisha usiku kwenye lundo la fundi. Ameniuliza mbona yana harufu ya dagaa.

MzeeWaKojani

Mwezi pili na tatu wa Mfunguo Mosi, mwezi wa Idd, ni bamvua. Maji yatatoka asubuhi kuelekea adhuhuri, hapo mwambani utafika kwa miguu kweli. Lakini usivunje kitu kinachoishi. Okota vipande vilivyokatika vyenyewe, na kwanza onana na kamati ya wavuvi ya hapo, waambie unataka nini. Ukienda kimyakimya watakufanya mfano.

BintiWete

Vibebe kwenye maji yale yale, visikauke njiani. Kisha ngoja. Usitie samaki mpaka kipimo cha amonia na cha nitraiti vyote vikae sifuri. Vipimo hivyo agiza Dar mapema.

KinyoziMtulivu

Sawa. Na usiku wa mwezi 29 wateja wakiuliza tangi liko wapi?

MtotoWaDarajani

Lifunike kanga, waambie samaki wamekwenda itikafu.

KinyoziMtulivu

Kanga ya mama ina maandishi ya kunisuta. Nitatafuta shuka.