Mtoto akirudi kutoka jeshini: wazazi wa Unguja na Pemba, tupeane uzoefu

Baba wa Kiuyu
Assalam alaykum ndugu zangu. Mie mkulima wa Kiuyu, Pemba. Mwanangu wa kike karudi wiki mbili hizi kutoka JKT, kambi ya Bulombora kule Kigoma, baada ya miaka miwili ya kujitolea. Nataka kusikia wenzangu mliwapokeaje wenu, maana furaha hii imenijaa sijui niiweke wapi.

Niseme kweli, nilipinga. Mtoto wa kike wa Kipemba akalale kambini, mbali kiasi kile, kwa nani? Mama yake ndiye aliyesimama kidete. Siku ya kuondoka sikumsindikiza bandarini. Nilikwenda shamba nikakaa chini ya mkarafuu mpaka adhuhuri. Hilo linaniuma mpaka leo, na mwenyewe nimemwambia.

Safari ya kurudi nilifika bandari ya Mkoani kabla boti haijafunga. Katoka na begi mgongoni, kavaa baibui lile lile aliloondoka nalo, kanibusu mkono. Mkono wake una sugu kunishinda mie niliyeshika jembe miaka thelathini. Ndani ya gari ya 603 mpaka Chake ananihadithia Ziwa Tanganyika na wavuvi wa dagaa wanavyowasha taa usiku, mie naitikia tu. Ningefungua kinywa ningelia mbele za watu.

Siku ya tatu tulikuwa na majamvi sita ya karafuu uwanjani. Wingu likatanda ghafla kutoka baharini. Mwenye kujua karafuu anajua: ikirowa ikageuka mpeta, bei imekwenda. Kwetu hapo huwa ni kelele na watu kugongana. Yeye katoka jikoni, kawapanga wadogo zake na watoto wa jirani wawili wawili kila jamvi, na sauti hakuipandisha. Tone la kwanza linaanguka, karafuu zote zimo ndani. Jirani yangu akaniita "Baba Afande". Toka siku ile ndilo jina langu kijijini, na naliitikia.

Mama wa Jang'ombe
Mashaallah kaka, hongera sana, na mwambie mwanetu nampa mkono.

Wangu ni askari wa JWTZ, alipelekwa Kongo kulinda amani. Mnaikumbuka Disemba 2017, vijana wetu waliposhambuliwa Semuliki, Kivu ya Kaskazini. Ilikuwa Alkhamisi jioni, sie khabari zikatufikia Ijumaa. Nampigia, simu haipatikani. Majirani wakaanza kuja mmoja mmoja, wanakaa ukumbini bila ya kusema kitu, na mama ukiona hivyo moyo unakwenda mbali. Sikutoka kwenye msala mpaka Jumapili usiku alipopiga: "Mama, mie mzima." Maneno hayo tu, simu ikakatika.

Aliporudi nilikuwa nimepika pilau, nimefukiza udi nyumba nzima. Hakula. Kaniuliza, "Mama, unapajua kwa kina fulani?" Ni nyumba ya mwenzake aliyerudishwa akiwa maiti. Tukatoka papo hapo kwa miguu. Kaketi chini, kamshika mikono mama yule, wakanyamaza muda mrefu. Kisha kamwambia mwanawe alivyokuwa akiwaamsha wenziwe kwa Alfajiri, kila siku, bila ya kukosa. Yule mama akacheka na huku analia.

Mie nimekaa pembeni, nikajisemea: nimezaa.

Mjukuu wa Makunduchi
Nyinyi mmeandika ya wana, nami nitie ya babu yangu, maana baba ndiye aliyekwenda vita vya Kagera. Aliondoka mwisho wa 1978, akarudi mwaka uliofuata, Kampala ishatekwa. Babu alikuwa mvuvi, si mtu wa kusifu. Bibi anasema hakumkumbatia wala hakumwambia hongera. Ila Ijumaa ya kwanza msikitini kamshika mkono akampitisha mpaka safu ya mbele, walipokaa wazee, akamweka pale, yeye mwenyewe akarudi nyuma. Baba kafa mtu mzima sana, na hiyo safu ya mbele aliihadithia kuliko vita vyenyewe.

Mama wa Bububu
Wangu ni wa KMKM, kikosi chetu cha Zanzibar cha kuzuia magendo, kwa hiyo hurudi kila siku, sina siku moja ya kumpokea. Lakini Septemba 2011, Spice Islander ilipozama Nungwi ikielekea Pemba, alikuwa katika waliotoka kwenda kuokoa. Alirudi nyumbani hasemi. Akakaa uani na nguo zake mbichi za maji ya bahari, nami nikaketi naye, nikamletea chai ikapoa, nikamletea nyengine. Baadaye sana ndipo aliponiambia kuna mtoto mdogo alimtoa akiwa hai. Basi. Mengine hajanihadithia, na mie simuulizi. Nikisikia watu wanasema fahari, mimi naona zile nguo mbichi.

Mama wa Micheweni
Nimelia kusoma hapa. Wangu anamaliza JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi la hapa kwetu Zanzibar, mwezi ujao, in shaa Allah. Niandae nini jamani? Nataka nialike ukoo mzima.

Baba wa Kiuyu
Bi Micheweni, alika, lakini si siku ya kwanza. Mwache alale. Wangu wiki nzima alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, kitanda kishatandikwa kama hakikulaliwa, anafagia uwanja na nyota zingali juu. Usimwambie apumzike, hataweza. Mpe kazi ya kufanya. Na mpikie alichokikosa. Wangu aliomba mkate wa mofa na mchuzi wa pweza, na mama yake alianza kumponda yule pweza toka alasiri.

Mama wa Bububu, yako nimeyasoma mara tatu. Mwenyezi Mungu amhifadhi mwanao.

Wengine endeleeni kuandika, nitasoma usiku nikirudi. Kesho asubuhi binti anakwenda Wete kupeleka barua ya kuomba kazi. Anaijua njia vizuri, ila safari hii namsindikiza mie.