Koili ya mabati haina lebo: nitajuaje kilo na mita?

Mabati_Kariobangi: Hamjambo mafundi. Nina mashine ya kukunja mabati Kariobangi Light Industries. Nimeonyeshwa koili, yaani roli la bati ambalo halijakatwa, huko Industrial Area, imetumika kidogo na lebo imeng'oka. Muuzaji anasema ni kilo 3,400, na anauza kwa kilo. Upana 914 mm, tundu la katikati 508 mm, kipenyo cha nje kama sentimita 90, geji (unene wa bati) 30. Nitahakikishaje kabla sijalipa? Na itatoa mabati mangapi ya mita 3?

Jirani_LungaLunga: Dada, usilipe kwa maneno. Lori lipimwe tupu, kisha lipimwe na mzigo.

Fundi_Koili: Kweli kabisa, lakini piga hesabu kwanza. Weka vipimo vyote kwa mita. 0.90 mara 0.90 ni 0.81. 0.508 mara 0.508 ni 0.258. Toa, inabaki 0.552. Zidisha kwa 0.7854 (robo ya 3.1416, ili upate eneo la duara), halafu kwa upana 0.914, halafu kwa 7,850, ambazo ni kilo za chuma katika mita moja ya ujazo. Utapata kama kilo 3,110.

Na hiyo ni kama koili ingekuwa chuma kitupu. Bati jembamba haliviringwi likabana kabisa, hewa hubaki kati ya tabaka. Likiwa na rangi, rangi ni nyepesi kuliko chuma. Kwa hivyo uzito wenyewe uko chini ya hapo. Kilo 3,400 haziwezi kuingia kwenye vipimo hivyo, dada yangu.

Ila hiyo 90 irudie. Koili ya bati jembamba ikikaa sana hubonyea, ukipima wima na ukipima ulalo namba hazilingani. Zungusha tepu nje yake yote, ugawanye kwa 3.1416.

Kuhusu mita, usiamini geji ya mdomo. Omba kipande cha mita 1, upana wote, ukipime. Bati la unene wa 0.25 mm litakuja karibu kilo 1.79, la 0.28 mm litafika 2.01. Gawanya kilo za koili kwa uzito wa kipande. Tuseme koili ni kilo 3,000: la kwanza linatoa mabati 558 ya mita 3, la pili 497. Pesa ni ileile, mabati 61 hayapo! Mikunjo ya mashine usiihesabu, inakula upana, urefu haiugusi.

Mabati_Kariobangi: Asante sana mzee. Nimerudi na tepu, mzunguko ni sentimita 281. Nikikokotoa napata 3,054. Muuzaji mwenyewe amekubali twende kwenye mizani.

Fundi_Koili: Vizuri. Dereva akiwa ndani mara ya kwanza, awe ndani na mara ya pili, na mafuta yasiongezwe katikati. Mbao na minyororo viwe juu ya lori tangu linapopimwa tupu. Halafu tafadhali, koili ipigwe kabari pande zote mbili kabla lori halijaondoka. Tani tatu zikianza kubingirika hakuna mtu wa kuzizuia.