Mrejesho: unga wa sumaku wa kunasa atrazini

Wakuu, nililalamika kwamba magnetaiti yangu (unga mweusi wa oksidi ya chuma unaovutwa na sumaku) inageuka kahawia na hainasi atrazini, dawa ya kuua magugu, kwenye maji ya mto. Asanteni sana. Aliyesema nipitishe naitrojeni kwanza kufukuza oksijeni alipatia: unga sasa ni mweusi tii, na ukisogeza sumaku ubavuni mwa chupa wote unakimbilia huko. Kuuvika silika (ganda kama la kioo), kisha minyororo ya kaboni 18 ambayo ndiyo inanasa atrazini, nako kumesaidia (bechi ya kwanza niliiharibu kwa haraka zangu).

Maji safi ya maabara, hakuna shida. Ya mto bado yananisumbua. Kuchuja kumeondoa tope, si mboji iliyoyeyuka, nayo inawahi nafasi kwenye unga kabla ya atrazini. Kikomo cha atrazini kwenye maji ya kunywa cha WHO (Shirika la Afya Duniani), mikrogramu 100 kwa lita, naweza kukipima; cha Umoja wa Ulaya, mikrogramu 0.1, bado siwezi kupima kidogo hivyo.